Kuchuma stroberi Uingereza: hesabu ambayo ningetaka nipigiwe kabla sijakopa

Binamu yangu alilipa ajenti mmoja pale Mombasa shilingi 180,000 mwaka 2022 ili apelekwe Canada kuchuma matunda. Pesa zenyewe zilitoka kwa ng'ombe wawili wa mjomba na mkopo wa chama cha mama yake, na alichopewa ni karatasi moja yenye bendera ya Canada na herufi kubwa SAWP pale juu, akaambiwa asubiri wiki sita. Wiki sita zikawa miezi sita, simu ya ajenti ikawa haishikwi, na tulipoenda ile ofisi tukakuta chumba kishapangishwa mtu mwingine anauza mapazia. Mjomba hajawahi kumsema kijana wake mbele ya watu, lakini zizi liko tupu hadi leo na sisi wote tukienda kwao tunapita hapo.

Naanza na hiyo kwa sababu ndo ilinifanya nianze kusoma mambo haya mwenyewe. SAWP ni mpango wa kweli kabisa wa Canada wa wafanyakazi wa msimu wa mashambani, ulianza mwaka 1966 na wafanyakazi kutoka Jamaica, Mexico ikaingia 1974, na mpaka leo ni wa watu wa Mexico na nchi za visiwa vya Karibiani. Mkenya hayumo, Mtanzania hayumo, Mganda hayumo. Yaani yule ajenti aliuza kitu ambacho kipo, ila hakituhusu, na hapo ndipo utapeli wa siku hizi ulipo, hawakudanganyi kwa kitu cha kubuni, wanachukua jina la mpango halisi wa serikali halafu wanakuingiza mahali ambapo huwezi kuingia. Australia nayo ina mpango wake unaitwa PALM, huo ni wa nchi za visiwa vya Pasifiki na Timor-Leste. Marekani wana viza ya vibarua wa mashambani inaitwa H-2A, hiyo haina kikomo cha idadi, lakini mwajiri ndiye anayeomba, yeye ndiye anayegharamia nyumba, na ni marufuku mfanyakazi kutozwa pesa ya kupata kazi. Kwa hivyo mtu akikwambia lipa laki mbili nikuwekee nafasi ya H-2A ujue kabla hata hujasafiri ameshavunja sheria.

Mimi nilienda Uingereza, msimu wa 2024, na hiyo ndiyo naweza kuielezea vizuri kwa sababu niliishi.

Kwanza ni kwa nini wanatutafuta, maana watu wengi huniuliza kwani Wazungu hawana mikono. Zamani mashamba yao yalikua yanachumwa na watu wa Bulgaria na Romania ambao walikua wanaingia bila viza kwa sababu ya Umoja wa Ulaya. Uingereza ilipoamua kutoka, hiyo njia ikaanza kufungwa. Mwaka 2019 wakaanza viza ya msimu kwa majaribio, watu 2,500 tu, na wengi waliokua wanaenda walikua Waukraine. 2022 vita vikaanza kule Ukraine, kampuni zikabaki zinahangaika kutafuta watu, zikaenda Nepal, Indonesia, Kyrgyzstan, Tajikistan, na hata huku kwetu kidogo. 2024 nafasi zilikua 45,000 za matunda na mboga na 2,000 za kuku wa Krismasi, 2025 zikashuka hadi 43,000 na hizo 2,000 za kuku. Serikali yao ilishasema mpango utaendelea hadi 2029. Kwa hivyo kazi ipo, mtu asikutishe kwamba ni uongo wote.

Lakini sikiza hapa. Kampuni zinazoruhusiwa kukupeleka hazifiki kumi. Majina yake yameandikwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, mtu yeyote mwenye bando ya shilingi ishirini anaweza kuyasoma. Shamba lenyewe haliwezi kukuita moja kwa moja, lazima upitie moja ya hizo kampuni, na hiyo kampuni ni marufuku kukutoza hata senti moja ya kukupatia kazi. Gharama zako ni viza, nauli na hayo mambo yako madogo madogo. Si kila kampuni inachukua watu wa Kenya, kila moja ina nchi zake na zinabadilika mwaka hadi mwaka, mimi nilijaza fomu kwa tatu, mbili zikanijibu hazichukui kutoka Kenya msimu huo, ya tatu ikanipigia video. Maswali yenyewe yalikua ya kawaida, umewahi kufanya kazi ya shamba, unaweza kubeba kilo ngapi, unaweza kusimama masaa nane, mgongo wako vipi. Nikawaambia nimezaliwa Taveta, nimechuma nyanya Kimorigo tangu niko darasa la nne, yule dada akacheka akaandika.

Na kwa upande wa Kenya, ukipitia ajenti wa hapa, angalia kama yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, wanaiweka mtandaoni. Asipokuwemo, ondoka. Usimsikilize ati "nimeunganishwa na mtu ndani ya ubalozi."

Sasa hesabu, na naomba uisome polepole hata kama hupendi hesabu.

Viza 2024 ilikua pauni 298, 2025 ikapanda hadi 319. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ilinigharimu kama 118,000. Pauni ilikua inacheza kwenye shilingi 165. Safari za Nairobi kwenda kutoa alama za vidole, kulala kwa shangazi Kayole siku tatu, picha, begi, gambuti, nguo za baridi za mitumba, nikafika jumla kama 190,000 na kitu. Nilikua na akiba ya 70,000 kutoka kuuza vitunguu, 100,000 nikakopa kwa chama chetu kwa riba ya asilimia kumi kwa mwaka mzima, dada yangu akamalizia zilizobaki. Hilo la riba lishike, nitalirudia.

Upande wa kuingia, mshahara wa chini kwa saa 2024 ulikua pauni 11.44, 2025 ukapanda hadi 12.21. Viza hii inakuhakikishia malipo ya masaa yasiyopungua 32 kwa wiki, hiyo sheria iliingia 2023. Kwa hivyo wiki mbaya kabisa, ya mvua na matunda hakuna, ni 32 mara 11.44, inakuja pauni 366. Usishangilie bado. Nyumba wanakata, sheria 2024 ilisema wasizidishe pauni 9.99 kwa siku, kwa wiki hiyo ni karibu 70. Bima ya taifa inakula kama 10, kodi ya mapato inakula kama 25. Unabaki na 261 hivi. Toa chakula, mimi nilikua najibana na 35 kwa wiki, unga wa mahindi niliupata kwenye duka la Wahindi mjini Hereford, maharage ya mkebe, mayai, kabeji. Kwa hivyo wiki mbaya inakuachia kama pauni 225, hiyo ni shilingi 37,000.

Ukiiona hivyo ni pesa nzuri, na ni kweli ni nzuri, mimi sitamdanganya mtu. Lakini izidishe kwa wiki ulizo nazo. Viza haizidi miezi sita. Miezi sita ni wiki 26 kwenye kalenda, ila hakuna anayefanya zote 26, utafika umekaa siku mbili tatu za mafunzo na karatasi, na msimu ukiisha umeisha. Huwezi kuiongeza ukiwa kule. Huwezi kumleta mtoto wala mume. Huwezi kuhamia kazi ya kudumu. Mtu anayekuuzia hii viza kama njia ya kuhamia Ulaya anakuuzia kitu ambacho hakimo ndani yake.

Nilitua katikati ya mwezi wa tano. Shamba liko Herefordshire, magharibi karibu na mpaka wa Wales, nchi ya vilima vya kijani na matofaa na ng'ombe wekundu wenye uso mweupe. Basi lilitutoa uwanja wa ndege, tulikua Wakenya saba, Wanepali kumi na kitu na wengine wote watu wa Kyrgyzstan na Uzbekistan. Tulifika usiku saa tatu na nje bado kuna mwanga, nikampigia mama nikamwambia huku jua limekataa kuzama. Kenya ilikua mbele kwa masaa mawili, mwanangu alikua ameshalala.

Makazi ni karavani, zile nyumba za bati jembamba zenye magurudumu yasiyotembea, sisi tulikua sita kwenye vyumba vitatu. Jiko la gesi, bafu moja, hita ya umeme. Mwezi wa tano ule alfajiri ilikua nyuzi nne au tano, na mimi nilikua nimebeba sweta mbili. Mama mmoja wa Kyrgyzstan, makamo ya mama yangu, ambaye tulikua tunaongea kwa kutafsiriwa na simu, alinipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Ziko hapa nyumbani mpaka leo.

Kazi ilianza saa kumi na moja na nusu asubuhi, kwa sababu stroberi ikichumwa imepata joto inalainika inaharibika njiani. Mashamba yao si chini kwenye udongo kama tunavyofikiria, ni kwenye mahandaki marefu ya plastiki, na mimea inakaa juu kwenye mifereji iliyoinuliwa kimo cha kifua, imepandwa kwenye mifuko ya makumbi ya nazi. Nilipoyaona yale makumbi nilisimama nikayashika. Unasukuma toroli lenye trei, ndani ya trei kuna vile vikasha vya plastiki wanaviita paneti, kila kimoja gramu 400, na kila trei ikijaa unaipeleka kwenye mizani wanapiga skani kadi yako, kilo zinaingia kwenye jina lako.

Sasa kuchuma. Stroberi haivutwi. Unaingiza mkono nyuma ya tunda, kikonyo kikae katikati ya vidole viwili, unakikunja kwa kucha ya gumba, kinakatika kwa kishindo kidogo, kinabaki kifupi kama kichwa cha kiberiti, na kile kikofia cha majani hakiguswi. Tunda lenyewe hulibani. Ukilibana hutaona kitu saa hiyo, lakini kesho yake pale ulipobana panageuka pekundu peusi na laini, na duka linarudisha trei nzima. Jekundu lote unachukua, lenye bega jeupe kidogo unaangalia siku hiyo wanataka nini, lenye kovu au lililopinda linaenda daraja la pili kwa jamu. Yote hayo unaamua kwa nusu sekunde, kwa mikono miwili, huku miguu inatembea. Siku mbili za kwanza nilikua natumia jicho, nikiliangalia kila tunda. Wiki ya tatu ndo mkono ukaanza kujua wenyewe, na hapo kilo zikapanda.

Nasema hivi kwa kirefu kwa sababu watu wanafikiria ni kazi ya nguvu. Kaka mmoja wetu kutoka Nyandarua alikua na nguvu kuliko sisi wote, amezoea kubeba magunia ya viazi, na ndiye aliyekua wa mwisho kwenye kila orodha. Tageti pale ilikua kilo 20 kwa saa. Mimi wiki ya kwanza nilikua kwenye 11, nikilia bafuni usiku. Yeye alibaki 12, 13, hadi wiki ya nne. Walimpa onyo la kwanza, la pili, halafu wakamwambia kazi hapa imeisha. Akiwa pale alilipwa mshahara wa chini kama sheria inavyotaka, maana hata wakikulipa kwa kilo, kilo zisipofika lazima wakujazie hadi ile 11.44 ya saa, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mwenye shamba kukuweka kama huna kasi. Aliomba kampuni imhamishie shamba lingine, hakupata, au labda hakungoja vya kutosha, alikua amekata tamaa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano.

Na yeye alikua amekopa kwa shailoki. 150,000 kwa asilimia ishirini kwa mwezi. Fanya hiyo hesabu na wewe, elfu thelathini kila mwezi ni riba tu, deni lenyewe halijaguswa. Wiki tano za kwanza ukishatoa nyumba na chakula zinarudisha nauli na viza na kidogo tu juu yake, ambacho hakitoshi hata hiyo riba ya mwezi mmoja. Alipotua JKIA alikua na deni kubwa kuliko alilosafiri nalo. Tulimchangia, Wakenya sita tuliobaki, kila mtu pauni 40, na yule mama wa Kyrgyzstan naye akaleta 20 bila kuombwa. Hiyo asubuhi alivyokua anaingiza begi kwenye gari la kwenda stesheni hakuna aliyeweza kuongea. Tulisimama tu na gambuti zetu halafu tukaingia kwenye mahandaki kwa sababu saa ilikua imefika.

Kwa hivyo nikiulizwa swali moja tu la kumuuliza mtu anayetaka kwenda, sitamuuliza kama ana pasipoti. Nitamuuliza pesa ya kwenda inatoka wapi. Deni la chama linaweza kukungoja. Deni la shailoki linakula wiki zako kabla hujazifanya. Wale ndugu wa Indonesia na Nepal walioenda 2022, magazeti ya Uingereza yaliandika sana, wengi walifika wamebeba madeni ya madalali wa kwao, maelfu ya pauni, na mtu mwenye deni la namna hiyo hawezi kusema hapana kwa chochote, hata akionewa anainamisha kichwa.

Kuhusu kuonewa niseme langu. Pale shambani sitapataja jina, na kwa mengi walikua watu wa kawaida wanaojali. Lakini kulikua na jambo la muda. Tulikua tunaambiwa tufike saa kumi na moja kamili, tupange foleni ya toroli, tupewe maelezo, tutembee hadi handaki letu ambalo mara nyingine lilikua mbali kweli, na skani ya kwanza ikipigwa ndo saa inaanza kuhesabiwa. Dakika thelathini, arubaini, kila siku, hazimo popote. Supavaiza mmoja aliambiwa akajibu asiyetaka basi liko. Mimi nilikua na kadaftari kadogo ka shule nilikokabeba kumwandikia mwanangu mambo ninayoyaona, nikaanza kuandika humo saa tuliyofika na saa ya skani ya kwanza, kila siku, wiki tatu mfululizo. Halafu tukaenda wanne ofisini, Wakenya wawili na Wanepali wawili, na daftari na peislipu zetu. Tuliongea kwa adabu. Yule mama wa mishahara alizikagua, akaenda ndani, akarudi. Wiki mbili baadaye kila mmoja wetu aliongezewa malipo ya nyuma, mimi yangu yalikua pauni 61, na kuanzia hapo saa ikaanza kuhesabiwa kwenye foleni ya toroli.

Nilijua pa kwenda kama wangekataa. Kwenye ukuta wa kantini kulikua na bango la GLAA, hiyo ilikua mamlaka ya kutoa leseni kwa wanaoleta wafanyakazi mashambani na kupokea malalamiko. Nilisoma ilivyoanza na sikuisahau. Tarehe 5 Februari 2004, kule Morecambe Bay kaskazini, Wachina zaidi ya 20 walizama usiku wakiokota kombe kwenye mchanga, bosi wao aliwapeleka bila kujali saa ya maji kujaa. Sisi wa pwani tunajua maji yakijaa ni nini, hata mtoto wa Kilifi angewaambia tokeni. Sheria ya leseni ilipitishwa mwaka huo huo. Kwa hivyo lile bango pale kantini limelipiwa na watu, usipite tu bila kulipiga picha na simu yako siku ya kwanza.

Mwezi wa sita na wa saba ulikua mzuri. Masaa 45, wiki nyingine 48, mkono umeshika kasi, mimi nafika kilo 23, 24. Joto ndani ya handaki mchana lilinikumbusha nyumbani. Jumapili tulipika ugali na kabeji, Wanepali wakaleta dengu, jioni watu walikaa nje hadi saa nne mwanga haujaisha. Nilikua natuma nyumbani kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilikua naandika kwenye daftari imebaki wiki ngapi na deni limebaki ngapi. Deni la chama niliimaliza riba na yote wiki ya tisa.

Mwezi wa nane mwishoni stroberi zikapungua. Masaa yakarudi 32. Ofisi ikatuambia anayetaka kurudi nyumbani arudi, anayetaka kuhamishwa aombe kampuni. Usikae kimya hapo, maana nafasi za kuhama hazikungoji, mimi niliandika barua pepe siku hiyo hiyo na nikapiga simu kesho yake na kesho kutwa. Nikapata shamba la matofaa Kent, upande wa pili wa nchi, wiki sita. Wawili wetu tulipata, wengine wakarudi. Matofaa ni kazi tofauti, unavaa kapu kubwa kifuani kwa mikanda, unachuma kwa kiganja kwa kuliinua na kulizungusha, ukijaa unainama unafungua chini linamwagika taratibu ndani ya bini la mbao. Mabega yaliuma kuliko mgongo. Lakini hewa ilikua safi na hakuna mtu wa kupiga skani kila dakika.

Kwa jumla nilifanya wiki 22. Mkononi, baada ya makato yote, ilikua wastani wa pauni 305 kwa wiki. Nikitoa chakula, viza na nauli nilibakiwa na kama 4,900, tuseme laki nane za Kenya. Kodi niliyokatwa nilidai kwa fomu ya P85 nilipofika nyumbani, kwa sababu pato langu la mwaka halikufika pauni 12,570 ambazo hazitozwi, nikarudishiwa mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Bima ya taifa hairudi. Hizo peislipu usitupe hata moja, pamoja na ile karatasi ya P45 ya kumaliza kazi, bila hizo huna cha kudai.

Laki nane zimeenda wapi. Karo ya mwanangu, paa la mama, na pampu ya maji na mipira ya kumwagilia ekari moja na robo. Nimeweka vitunguu msimu huu. Sikununua gari na wala sikujenga ghorofa, wale wanaoniuliza mbona huonekani umetoka Ulaya nawaonyesha pampu.

Gharama moja sijaiweka kwenye hesabu maana sijui niiandike vipi. Mwanangu aling'oka jino la kwanza mwezi wa saba. Alinionyesha kwa video, akalifungua mdomo akaona sioni vizuri akalisogeza jino lenyewe hadi likafunika kamera yote. Mama alilihifadhi kwenye kibati cha chai. Nilikua kwenye mapumziko ya dakika kumi na tano, juu ya kreti, mikono imeshonana na maji ya stroberi, na ilibidi nimwambie mama ashike yeye simu asiache mtoto akate kwanza.

Leo Jumamosi, siku ya soko, binamu yangu amekuja kutoka sokoni moja kwa moja na bahasha yake ya karatasi. Mwenyewe ameamua kujaribu tena, na safari hii hataki ajenti, anataka tujaze fomu ya kampuni yenye leseni sisi wawili tukiwa tumekaa. Nimemwekea sharti moja, asilipe mtu yeyote chochote, na viza asiilipie mpaka apate namba ya udhamini kutoka kwa kampuni na mkataba wenye jina la shamba, masaa na mshahara. Mjomba amesikia habari hizi akasema kama ni viza tu na nauli, kuna mbuzi. Binamu amekataa mbuzi wasiguswe, anasema atauza tikiti za mwezi wa kwanza. Tumefika ukurasa wa nne, pale wanapouliza umewahi kufanya kazi gani ya shamba, na stima imepotea, tunasubiri irudi tuandike.